Ukoo wa Jaribio

Katika ofisi yetu ya ushirika wa wafugaji nyuki hapa Mpanda, mimi ndiye pekee niliyesoma kompyuta darasani, na kwa sababu hiyo kila kitu chenye waya kilikuwa changu. Feni ikigoma naitwa mimi. Redio ya mlinzi ikikoroma naitwa mimi. Ushirika ulipopata tovuti, ili mfugaji nyuki wa Ugalla aweze kujisajili kwa simu yake bila kupoteza siku nzima kuja mjini, tovuti nayo ikawa yangu.

Aliyeitengeneza ni fundi mmoja kijana wa Dar es Salaam ambaye mpaka leo namjua kwa sauti tu. Alikuwa fundi mzuri, ila alifanya kazi kama mtu anayeziba pancha hii huku akitoboa ile. Akibadilisha rangi ya kichwa cha ukurasa, fomu ya usajili inakataa kupokea namba ya simu. Akirekebisha namba, orodha ya kata inapotea. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya chai nilifungua nakala ya tovuti aliyotutengea kwa ajili ya kujaribia, nikajaza fomu nzima kwa mkono, nikabofya "Jisajili", nikaangalia kama bado inapumua. Nilifanya hivyo miezi minne. Nilifika mahali nikawa naota visanduku vya kujaza.

Asubuhi moja nikampigia.

"Mdogo wangu, mimi nimechoka. Nimekuwa kasuku."

"Sasa dada, kwa nini ujaze kwa mkono? Si ulisoma Java chuoni?"

"Nilisoma."

"Basi andika jaribio. Unaandika programu inafungua brauza yenyewe, inajaza fomu yenyewe, inabofya yenyewe, halafu inakwambia kijani ikiwa fomu ni nzima, nyekundu ikiwa imeharibika. Wewe unakunywa chai."

Hilo la chai ndilo lililonishika.

Java niliisoma kweli, lakini tuliachana vibaya. Ni lugha ya kuandikia programu, na ni ya masharti. Ukisahau nukta-mkato mwisho wa mstari, haikusikilizi; ukianza jina la kitu kwa herufi ndogo pale ilipotaka kubwa, inajifanya haimjui mtu huyo. Hata hivyo nilivuta kiti, nikafungua laptop, nikaanza.

Siku ya kwanza sikufika hata kwenye fomu. Ili Java iweze kuiendesha brauza, lazima pawe na programu ndogo katikati yao, nayo inaitwa dereva. Dereva niliyempakua alikuwa wa toleo la zamani, na brauza yangu ilikuwa imejibadilisha kuwa mpya bila kuniaga, basi wakawa hawaelewani. Nikampigia fundi. Mtandao ulikuwa unakatikakatika, ikabidi nipaze sauti.

"Dereva amekataa! Anasema hii mpya hawezi kuiendesha!"

Mwenyekiti wetu alikuwa chumba cha pili. Ni mzee wa Kikonongo, mrina asali tangu utotoni, na kwa muda mrefu alikuwa amepeleka barua kila mahali akiuombea ushirika gari. Nilisikia kiti chake kikisukumwa. Akatokea mlangoni akiwa ameshavaa kofia.

"Binti, tumepata dereva?"

"Ndiyo mzee, lakini ni wa zamani. Hapatani na hii iliyokuja."

"Iliyokuja lini? Iko wapi?"

Alikuwa anachungulia uani. Nilimweleza taratibu, nikamwonyesha na laptop, nikaona furaha ikimtoka usoni polepole kama maji kwenye ndoo iliyopasuka.

"Kwa hiyo gari hakuna."

"Hakuna, mzee."

"Ila dereva yupo."

"Yupo."

Akavua kofia. "Basi tumeanzia mwisho," akasema, akarudi chumbani kwake.

Siku ya pili dereva na brauza wakapatana. Nikanakili anwani ya tovuti kutoka kwenye ukurasa uliokuwa wazi mbele yangu, nikaibandika kwenye programu, nikaanza kuiambia kompyuta itafute visanduku. Kila kisanduku cha fomu kina jina lake la siri ambalo msomaji halioni, na programu hukitafuta kwa jina hilo. Niliandika itafute "jina_la_kwanza". Ikasema hakuna kitu kama hicho. Nikaandika tena. Hakuna. Nilibishana nayo saa mbili nzima, mimi nakiona kisanduku kwa macho yangu mawili, yenyewe inasema hakipo, mpaka nikafunua matumbo ya ukurasa na kukuta kwamba fundi wangu alikuwa amekiita "jina_la_kwnza". Amemeza herufi moja. Nikampigia tena.

"Eh, dada, hiyo iache hivyohivyo," akasema. "Nikiigusa kitavunjika kingine."

Nikaiacha. Sehemu ya jina la kwanza nikaandika Jaribio. Jina la ukoo, kwa uvivu, nikaandika Jaribio. Kata nikaweka Ugalla. Mizinga nikaweka mia tano, maana nilitaka kuona kama fomu inavumilia namba kubwa. Kwenye simu nikaanza na sifuri, halafu nikaviachia vidole vianguke vinapopenda hadi tarakimu zikatimia kumi.

Nikabofya kuendesha. Ukurasa mweupe wa brauza ukafunguka wenyewe. Fomu ikaja. Halafu, huku mikono yangu ikiwa mapajani, herufi zikaanza kuandikwa: J, a, r, i, b, i, o.

Mama anayetuletea chai alikuwa amesimama nyuma yangu na chupa yake.

"Toa mikono," akasema.

"Nimetoa mama, tazama."

Alitazama mikono yangu, akatazama herufi, akaita jina la Yesu mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita jirani. Akaweka chupa chini, akatoka. Baada ya nusu saa alirudi na dada yake aone naye.

Lakini jibu lilikuwa jekundu. Nilikuwa nimeiambia programu kwamba ikishabofya "Jisajili" itafute neno "Umesajiliwa" kwenye ukurasa, na ikiliona iseme kijani. Ilikuwa hailioni. Nikaendesha tena: nyekundu. Nikabadilisha mstari mmoja: nyekundu. Nikarudisha mstari uliokuwepo: nyekundu. Alhamisi yote na Ijumaa nusu, kila nikiendesha fomu inajazwa vizuri, kitufe kinabofywa vizuri, halafu mwishoni natukanwa kwa rangi. Mama wa chai alileta pia mpishi wa mgahawa wa jirani, na kwa ajili ya mpishi niliendesha mara tatu.

Mwishowe niligundua kisa. Mtandao wa Mpanda una mwendo wake. Programu yangu ilikuwa ikibofya na papo hapo kutafuta jibu, na jibu lilikuwa bado liko njiani. Haikuwa na subira hata ya kupepesa jicho. Nikaongeza mistari miwili ya kuiambia isubiri mpaka neno litokee, isizidi nusu dakika. Nikaendesha.

Kijani.

Nilipiga kelele mlinzi akaja na rungu. Nilimwonyesha kijani yangu. Akasema ni nzuri. Nilifunga laptop nikaenda nyumbani nikiwa mrefu kuliko nilivyokuja.

Kesho yake, Jumamosi, nilikuwa Mwamkulu napalilia mahindi kwa mama yangu, simu ikaita. Ni Mwenyekiti. Alikuwa Ugalla kwenye mkutano wa wanachama, na nyuma yake nilisikia watu wengi wakizungumza kwa pamoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Binti, hawa kina Jaribio ni watu wa wapi?"

Jembe likanitoka mkononi.

"Kina nani, mzee?"

"Kina Jaribio. Jana wewe umeshaondoka, nimeingia kwenye tovuti nimeprinti mwenyewe orodha ya wanachama wapya, kama ulivyonifundisha." Nilisikia fahari katika sauti yake. "Leo nimeisoma hapa mbele ya watu. Jaribio Jaribio. Nikaita, kimya. Wa pili, Jaribio Jaribio. Kimya. Wako arobaini na mmoja, binti. Wote Ugalla, wote jina moja, na kila mmoja ana mizinga mia tano."

Nilikaa chini katikati ya tuta. Fundi alinieleza tangu mwanzo kwamba tovuti yenyewe na nakala ya kujaribia zinafanana kama mayai, ila anwani ya nakala inaanza na neno "jaribu". Nilijaribu kukumbuka anwani niliyoinakili inaanzaje. Haikuanza hivyo. Nilikuwa nimenakili ya tovuti yenyewe. Na kila nyekundu yangu ilikuwa imebofya kitufe kwanza ndipo ikashindwa kungoja jibu. Kila nyekundu ilikuwa imezaa mtu.

"Mzee," nikasema, "hao watu..."

"Watu hapa wamegawanyika," akaendelea. "Wengine wanasema ni wahamiaji wametokea upande wa Kigoma. Mmoja anasema amemwona mkubwa wao kwa macho yake, mrefu, ana pikipiki. Wanachoogopa ni hiyo mizinga. Mizinga elfu ishirini na mia tano, binti! Nyuki wote si watahamia kwao? Tumeunda kamati ya watu watano iingie msituni kuitafuta."

"Mzee, msiwatume! Hao siyo watu, ni..."

Mtandao ukakata. Nilipiga mara kumi na sita, simu yake haikupatikana tena. Mama yangu aliniuliza nani amekufa. Nilimwambia tatizo ni kwamba hakuna aliyezaliwa, akanishika paji la uso.

Jumatatu asubuhi nilikwenda ofisini mapema nikamngoje Mwenyekiti nimweleze kabla hajakaa. Sikuwahi. Nje ya mlango palikuwa na pikipiki yenye vumbi jekundu mpaka kwenye taa, na kwenye benchi walikaa mume na mke wa makamo, wafugaji wa Kisukuma, kila mmoja kwenye ncha yake ya benchi. Kati yao pangeweza kukaa watu wanne.

"Mwangaluka, mayu," mume akaniamkia. "Sisi tumetoka Usevya. Hapa ndipo kwenye nyuki?"

"Ndipo, baba. Karibuni."

Akanipa simu yake. Ilikuwa imejaa meseji, zote zinafanana: *Hongera Jaribio! Umesajiliwa kuwa mwanachama wa ushirika wa wafugaji nyuki, Mpanda. Tunafurahi kuwa nawe.*

"Mimi sina nyuki," akasema. "Nina ng'ombe. Sijaomba nyuki. Alhamisi niko mnadani, simu inalia, inalia, mpaka watu wananiangalia. Nimezima. Nimefika nyumbani nimewasha, zimeingia zilizobaki, na aliyekuwa ameshika simu ni huyu."

Huyu, yaani mke wake, alikuwa anatazama ukuta.

"Mwulize," mke akamwambia ukuta. "Mwulize Jaribio ni nani."

"Mama," nikaanza, kwa sauti ya upole niliyoipata wapi sijui, "Jaribio ni..."

"Mwanamke gani anaandikiwa hongera mara arobaini kwenye simu ya mume wangu? 'Tunafurahi kuwa nawe.' Nani anafurahi?" Ndipo aliponigeukia, akanipima kutoka kichwani hadi kwenye viatu. "Au ni wewe?"

Wakati huohuo Mwenyekiti akaingia, kofia mkononi, na magoti ya suruali yakiwa na majani. Alikuwa amekwenda na kamati.

"Tumetembea jana kutwa," akasema kabla hata ya salamu. "Mizinga ya kina Jaribio hatukuiona hata mmoja."

"Na wewe unamfahamu Jaribio?" mke akadakia.

"Mama, ninamtafuta!"

"Mtaa mzima unamtafuta," mke akasema, akapiga makofi mara moja.

Nilivyoona mambo yanakokwenda, nikasimama katikati ya chumba nikakiri. Nilikiri kama mtu anayeungama kanisani, bila kuruka kitu: kasuku, Java, dereva, herufi iliyomezwa, anwani isiyo na "jaribu", tarakimu zilizoanguka zenyewe na kwa bahati mbaya zikawa namba ya baba huyu. Nikasema hakuna Jaribio, ukoo wote ule nimeuzaa mimi kwa siku moja na nusu nikiwa nimekaa. Mwenyekiti alikaa polepole. Mume alionekana kama mtu aliyetua mzigo. Mke peke yake hakusogea.

"Kompyuta haiandiki yenyewe," akasema. "Nioneshe."

Nikafungua laptop. Nilibadilisha anwani, nikaisoma kwa sauti herufi moja moja, nikamwomba na Mwenyekiti aisome, neno "jaribu" lilikuwepo. Namba ya simu nikaweka yangu. Mke akaja akasimama karibu kabisa na bega langu. Nikaendesha, nikainua mikono juu kama niliyekamatwa.

Brauza ikafunguka. Fomu ikaja. J, a, r, i, b, i, o. Kitufe kikabonyea. Tukasubiri, wote wanne, tukipumua kidogokidogo. Kijani.

Mke akagusa kioo kwa kidole.

"Irudie," akasema.

Nikarudia. Akainama akachungulia chini ya meza, akashika waya mmoja, akauachia.

"Irudie."

Mara ya nne alianza kucheka. Alicheka kwa tumbo, mkono mdomoni, na mumewe, aliyekuwa hajathubutu kucheka tangu Alhamisi, akajiunga naye kwa tahadhari. Kisha mke akafuta macho, akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Sasa mwanangu, kama inajiandikia yenyewe, wewe kazi yako hapa ni ipi?"

Nilimtazama Mwenyekiti ili aseme. Mwenyekiti alikuwa anatazama kofia yake.

Waliondoka baada ya chai, na kwenye pikipiki mke alikaa akiwa amemshika mumewe kiunoni. Mama wa chai ndiye aliyewahudumia, na nilimsikia akiwaambia kwamba yeye ndiye wa kwanza kuiona ikiandika, kabla ya dada yake na kabla ya mpishi.

Fundi nilimpigia mchana ule nikitarajia anicheke. Alicheka, kweli, lakini katikati akanyamaza.

"Ngoja kwanza dada. Namba moja ya simu imesajiliwa mara arobaini na moja?"

"Ndiyo."

"Ilitakiwa ikukatalie ya pili."

Tangu tovuti ianze hakuna aliyejua kwamba mtu mmoja anaweza kujisajili kama watu mia. Mimi mwenyewe nisingelijua hata miaka kumi, maana nilipojaza kwa mkono, kila asubuhi nilijaza mara moja tu, tena kwa namba mpya, nikaenda kunywa chai. Fundi akasema jaribio langu limekamata kosa kubwa. Nilimwambia limekamata na mume wa mtu.

Ilibaki Ugalla. Mwenyekiti alisema hawezi kwenda kuwaeleza peke yake, kwa sababu yeye ndiye aliyesimama akaita majina. Wiki iliyofuata tulikwenda kwa pikipiki mbili, yake mbele yangu nyuma, nikala vumbi lake njia nzima. Wafugaji walikuwa wamekusanyika kwenye banda lao la kuchujia asali, wanaume na wanawake, na ile kamati ya watu watano ilikaa mstari wa mbele na mikwaruzo yao ya miiba.

Nilisimama nikaeleza kwa ufupi kadiri nilivyoweza. Nilisema samahani mara tatu. Aliyekuwa amemwona mkubwa wa kina Jaribio juu ya pikipiki alikohoa, akaanza kushughulika na kamba ya kiatu chake.

Mama mmoja mzee akanyoosha mkono. "Kwa hiyo ile mizinga elfu ishirini haipo kabisa?"

"Haipo, bibi. Nisamehe."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akasikitika. "Mimi nilishaanza kufikiri tungewaomba watuazime bomba la moshi la kutulizia nyuki."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Mmoja wa kamati akauliza kama siku hiyo ya kutembea msituni itahesabiwa kuwa kazi ya ushirika. Mwenyekiti akasema itahesabiwa. Mwingine akasema kutembea kwao hakukuwa bure, wameona mizinga minne ya watu halisi imeangushwa na nyegere, na wakaanza kujadili nyegere, jambo walilolijua vizuri kuliko mimi, nikapata nafasi ya kukaa.

Katibu wao, mwanamke mwembamba mwenye mwandiko wa mwalimu, alikuwa anaandika kumbukumbu za mkutano. Aliniuliza aandikeje kuhusu wale arobaini na mmoja; hawakuhama, hawakufa, hawakujiuzulu. Akafikiri, akaandika, akanisomea: "Wanachama arobaini na mmoja wamefutwa kwa kuwa hawakuzaliwa." Mkutano ukakubali kwa kunyoosha mikono.

Fundi aliwafuta siku hiyohiyo. Mimi juma lile niliandika jaribio la pili: linajisajili kwa namba moja mara mbili, na linataka likataliwe mara ya pili. Nililiendesha kwenye nakala, nikiwa nimesoma anwani mara tatu kwa kidole. Likatoka jekundu, kwa haki kabisa, na likaendelea kuwa jekundu siku nne, mpaka fundi alipotengeneza.

Siku ya tano likawa kijani, na orodha ya kata ikapotea.